Walimu wa uraia, tukiwaletea zana mashuleni mnataka nini hasa?

Kijana wa Muheza

Wakuu habari za saa hizi, na walimu wakubwa zangu shikamooni.

Sisi ni kikundi cha vijana huku Tanga, wengi tumemaliza chuo tunasubiria ajira huku tunahangaika na mishe zetu, sasa tumepata hela kidogo ya kusaidia sekondari za kata kwenye somo la uraia. Wazo la kwanza lilikua tuchape mabango makubwa ya rangi, nembo ya taifa, mihimili mitatu ya dola, haki na wajibu wa raia, alafu tugawe. Nikampelekea mwalimu mmoja jirani sampuli aangalie, akasema ahsanteni vijana kazi nzuri, akaikunja akaiweka juu ya kabati. Sasa kule juu ya kabati si nikaona kuna mabango mengine ya watu wengine yamekunjwa hivo hivo na vumbi juu. Sikusema kitu ila hamu ya kuchapa imeniisha.

Naombeni mnisaidie, hasa mlioko darasani. Mwalimu wa uraia ukiletewa kitu utakachokitumia kweli, sio cha kuweka kabatini, kiweje? Kijitabu? Michezo? Video? Au tuwape tu maka peni na manila mjichoree wenyewe? Na kama kuna mtu ameshafanya kitu watoto wakachangamka naomba atuambie alifanyaje, kwa undani tafadhali, sio "tumia mbinu shirikishi", hiyo tushaisikia sana semina.

---

Mwl Chaki

Mkuu umefanya la maana kuuliza kabla ya kuchapa.

Ngoja nikupe picha. Mkondo mmoja wa form two una watoto themanini na kitu. Kipindi dakika 40, toa kuingia, toa mahudhurio, toa wale waliotumwa maji na mwalimu wa zamu, unabaki na nusu saa. Umeme uko ofisi ya mkuu tu kwa iyo video sahau, projekta sahau. Bango ukilibandika analisoma wa dawati la mbele, na likishakaa wiki linageuka ukuta. Alafu watoto hawana shida ya kujua mihimili ya dola, watakutajia hata ukiwaamsha saa nane usiku. Shida ni kwamba ukimuuliza bomba la kijiji limekauka mwezi wa pili huu, tumuulize nani, anakujibu Rais.

Kitu ninachokitumia mimi ni karatasi moja. MOJA. Inaanza na kuisha ndani ya kipindi. Nitakueleza ile inayopendwa kuliko zote.

Nilienda ofisi ya kijiji nikaomba nakala ya taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka, ile wanayobandika kwenye ubao wa matangazo hadi jua linaila maandishi. Nikaiga muundo ule ule ila kijiji nikakitunga na tarakimu nikatunga, usithubutu kupeleka ya kijiji cha hapo hapo maana mtoto wa mwenyekiti yuko darasani kwako. Yangu iko hivi: mapato, ushuru wa gulio 640,000, michango ya wananchi ujenzi wa zahanati 900,000, faini za mifugo 160,000, jumla 1,700,000. Matumizi, saruji mifuko 30 ni 540,000, posho za vikao 420,000, shajala 85,000, nauli za mtendaji 180,000, mengineyo 275,000, jumla 1,500,000. Salio 200,000. Hesabu imekaa sawa kabisa, hakuna kosa la kujumlisha, na hapo ndo utamu ulipo.

Nawagawa makundi ya watu nane nane kila kundi karatasi moja. Dakika kumi wasome. Alafu tunafanya mkutano mkuu wa kijiji: mmoja mwenyekiti, mmoja mtendaji, wachache wanakaa mbele kama halmashauri ya kijiji (kwa sheria wajumbe wanakua 15 mpaka 25, ila darasani ukiweka hao wote hakuna wa kuuliza maswali), waliobaki ni wananchi. Mtendaji anasoma taarifa, wananchi wanahoji.

Kuna binti wa kule nyuma kabisa ambae kidole chake sikuwahi kukiona juu, akasimama akasema "Mtendaji, hayo mengineyo ni nini?" Kijana aliyekua mtendaji akababaika akasema hiyo ni siri ya ofisi. Darasa zima likaguna kama mkutano wa kweli. Akainuka mwingine na kalamu yake: tulichanga laki tisa za zahanati, saruji ni laki tano na arobaini, ilitakiwa zibaki laki tatu na sitini, mbona salio la kijiji kizima ni laki mbili, hiyo laki na sitini ya zahanati imekula posho au imekula nauli? Hapo sikua nimefundisha chochote bado. Uwajibikaji, uwazi, utawala bora, madaraka ya mkutano mkuu, vyote vikaja vyenyewe, kazi yangu ikabaki kuandika ubaoni majina ya hayo waliyokua wanagombania.

Gharama: makundi kumi, karatasi kumi, steshenari ya hapa mia mia, elfu moja. Mwaka wa pili unatumia zile zile kama umezihifadhi.

Kwa hiyo mkitaka kunisaidia, nileteeni karatasi kama hizo ishirini zenye mada tofauti, kila moja imepigwa kopi za kutosha makundi yote na imewekwa kwenye bahasha yake. Nakwambia mtakua mmenipa muhula mzima.

---

Mzee wa Kusahihisha

Mwl Chaki hongera, ila tuambiane ukweli. Mtihani unakuja na toa maana, taja, eleza, na kwa hawa walioko kwenye Civics ya zamani unakuja kwa Kiingereza. Mkuu wa shule haulizi watoto walichangamka, anauliza A ngapi F ngapi. Mwalimu anaebakiza mada nne na mock (mtihani wa majaribio) iko mlangoni hawezi kufanya maigizo. Vijana wachape maswali na majibu, hicho ndicho kitakachotoka kabatini.

---

Mwl Chaki

Mzee wangu hilo sikatai na ndo maana mkutano wangu unaisha dakika ya 30. Zile kumi za mwisho wanaandika majibu ya maswali mawili ya mtindo wa Baraza la Mitihani, kwa Kiingereza, yanahusu kile kile walichotoka kukipigia kelele. Mtoto ambae ametoka kumhoji mtendaji ana cha kuandika hata Kiingereza kikiwa cha kuungaunga. Yule aliyekariri akisahau neno la kwanza basi jibu lote limeondoka.

Kijana wa Muheza zingatia hilo lakini: nyuma ya kila karatasi weka mada inayohusika kwenye azimio la kazi (mpango wa mwalimu wa kufundisha muhula mzima), weka mgawanyo wa dakika, weka hayo maswali mawili na majibu yake. Mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) akiingia mwalimu anaonesha andalio la somo na karatasi vinaongea kitu kimoja. Zana isiyoonekana inaingia wapi kwenye muhtasari ndo hizo unazoziona juu ya kabati.

Na mjue kabisa mtaala mpya umeleta Historia ya Tanzania na Maadili, kwa Kiswahili, Civics inaondoka taratibu. Msichape kitu kimefungwa kwenye jina la somo moja kikapitwa kabla hamjamaliza kugawa.

---

Bi Stafu

Mimi nitasema la uchaguzi wa viranja maana huo upo kila shule kila mwaka na tunauchezea.

Shule niliyokuwepo zamani kidogo (siitaji) watoto walipiga kura wakamchagua kaka mkuu wao, kijana mcheshi, sio wa kwanza darasani lakini wanamsikiliza. Stafu ikakaa usiku, asubuhi mstarini likasomwa jina la mwingine. Hakuna maelezo. Wiki hiyo hiyo nilikua na mada ya demokrasia form two, niliingia nikawaona wananiangalia tu. Sasa hapo mgeni alete bango la demokrasia la rangi saba, litasaidia nini?

Kwa hiyo zana nzuri kuliko zote ni uchaguzi wenyewe ukifanywa sawasawa, na hapo vijana mnaweza kusaidia sana kwa hela ndogo. Leteni kiboksi cha uchaguzi: daftari la wapiga kura la kujaza, fomu za kugombea, karatasi za kura zenye nafasi ya picha au alama, wino, lakiri za kufungia sanduku, fomu ya matokeo ya kubandika mlangoni, na ukurasa mmoja wa kanuni ambao mkuu wa shule ANASAINI KABLA. Kama stafu inataka mchujo ufanyike mwanzoni kwa vigezo vilivyobandikwa ubaoni, sio baada ya kura.

Huku nilipo sasa tunafanya hivyo na mkuu wetu ni muelewa. Nilichojifunza ni kwamba kampeni sio sehemu tamu, sehemu tamu ni kuhesabu. Mwaka jana kura moja ilikua na tiki imeanzia kwa mgombea wa kwanza mkia umevuka mstari hadi kwa wa pili. Mawakala wawili walibishana hapo mpaka kengele ikalia, mmoja anasema nia ya mpiga kura inaonekana, mwingine anasema imeharibika hiyo, na tofauti ya kura ilikua ndogo kwa hiyo kila mtu amesimama. Tume (wanafunzi wa form four) ikajifungia ikarudi na uamuzi ulioandikwa na sababu. Walioshindwa walinuna ila walisaini. Kuna watu wazima hawajawahi kuona jambo kama hilo.

---

Wakili wa Uswazi

Naomba niongeze jambo la vitabu. Mkitengeneza karatasi hizo kagueni sheria kwanza maana vitabu vingi vilivyoko mashuleni vimepitwa. Mfano Tume ya Uchaguzi, tangu sheria ya 2024 ni Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, vitabu bado vina jina la zamani. Mabaraza ya kata, watoto wanafundishwa yanaamua kesi za ardhi, wakati tangu marekebisho ya 2021 kwenye ardhi kazi yao ni kusuluhisha tu, hawatoi hukumu. Mtoto anatoka na 90 kichwani kisha baba yake anapotezwa na ushauri wake.

Alafu kuna kesi moja ambayo kwa maoni yangu ingetakiwa iwe kwenye kila darasa la uraia nchi hii, kesi ya Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Sheria ya Ndoa ya 1971 vifungu vya 13 na 17 vinaruhusu binti kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi wakati mvulana ni 18, na mahakama inaweza kutoa kibali hata kwa miaka 14. Dada akaenda Mahakama Kuu akasema hivi vinagongana na Katiba, ibara ya 12, 13 na 18. Mwaka 2016 akashinda, serikali ikakata rufaa, Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema ameshinda, rekebisheni sheria. Hukumu zipo bure TanzLII, ile tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania.

Angalieni kilichomo humo: Katiba kuwa juu ya sheria nyingine, mahakama na Bunge kila mmoja na kazi yake, usawa mbele ya sheria, na mwananchi wa kawaida kwenda mahakamani. Mada nne kwa mpigo, na wanaosoma ni mabinti wa miaka 14 na 15 wenyewe, hawahitaji kuchangamshwa. Toeni kurasa mbili kwa Kiswahili chepesi, nusu ya darasa wawe upande wa Gyumi nusu upande wa serikali, watatu majaji. Na mpeni wa upande wa serikali hoja zake kamili, msimpe za kushindwa. Alafu swali la kuwaachia waende nalo nyumbani: mahakama ikisema sheria irekebishwe, anaeirekebisha ni nani, na asipofanya inakuaje?

Katiba yenyewe iko kwa Kiswahili, na ibara za haki, 12 mpaka 24, ni kurasa chache tu. Kopi za hizo kurasa peke yake zina faida kuliko kijitabu chochote mtakachoandika nyie.

---

Mtendaji Mstaafu

Nimekua mtendaji wa kijiji miaka mingi naomba niseme upande wa pili maana naona sisi ndo wezi wa kwenye igizo 😂

Mwl Chaki umefanya vizuri kubadilisha jina la kijiji. Mengineyo siku nyingine ni soda za wageni wa wilaya, na mtendaji hajui aandike wapi. Lakini swali la yule binti ni halali, mkutano mkuu ndio wenye mamlaka ya juu kijijini na taarifa inatakiwa isomwe kila baada ya miezi mitatu, wananchi hawaji, wakija wanauliza mbolea. Wangeuliza kama huyo mtoto tungenyooka.

Ushauri wangu kwa vijana. Kwanza msiende mashuleni mikono mitupu, pitieni kwa mkurugenzi wa halmashauri mpate kibali, nakala kwa Afisa Elimu Sekondari na Afisa Elimu Kata, la sivyo mkuu wa shule atawaogopa hata kama anawapenda. Mkiitwa siasa mmekwisha. Karatasi zisiwe na rangi ya chama chochote, na narudia rangi, kuna watu walichapa vijitabu vizuri tu ila jalada lilikua na rangi iliyozua maneno.

Pili walimu mkitaka kuja na watoto ofisi ya kijiji leteni barua siku chache kabla na msije themanini. Wachague kumi, waje na maswali yameandikwa, warudi kuwaelezea wenzao. Mimi nikiwa kazini walikuja hivyo, wakaniuliza mhuri unakaa kwa nani na ukipotea inakuaje. Sijawahi kuulizwa swali hilo na mkaguzi.

Tatu mkutano mkuu ni wa hadhara. Chini ya miaka 18 hapigi kura, ila akisimama pembeni akasikiliza mimi sikuwahi kumfukuza mtu.

---

Mpwani wa Kilifi

Hamjambo majirani. Mimi ni mwalimu upande wa Kenya, nimesoma uzi wote nikaona niwape kitu kimoja.

Kwetu mwanafunzi hajui seneta anafanya nini lakini fomu ya basari anaijua vizuri mno, maana karo yake iko pale. Basi mimi nilichukua ile fomu ya basari ya wadi nikaifanya kuwa somo. Tunaisoma kipengele kwa kipengele, nani anaweka sahihi, chifu anathibitisha nini, kamati ina watu gani, orodha ya waliopata inabandikwa wapi. Kutoka hapo unaingia bajeti ya kaunti bila mtu kusinzia. Kisha wanaandika barua kwa ofisi ya wadi kuomba vigezo vilivyotumika, kwa sababu Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 35 inampa kila mwananchi haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali. Majibu huchelewa na mengine hayaji, nalo ni somo pia.

Kwa hivyo tafuteni ile karatasi ambayo mtoto wa kwenu tayari anaishika mkononi. Huko sijui ni ipi.

---

Mtendaji Mstaafu

Mwalimu wa Kilifi kwetu ingekua fomu ya mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri, ule wa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Nyumba nyingi mama anayo hiyo fomu au ameisikia. Na haki ya kuomba taarifa ipo na kwetu, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ofisi ina siku 30 za kujibu. Watoto waandike barua mtendaji asaini kupokea, hicho kisaini tu kinawafundisha.

---

Bi Stafu

Hapo kwenye mkopo nimepapenda, vikundi vina katiba zao wenyewe, mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Mtoto aombe katiba ya kikundi cha mama yake aje nayo tuone ibara ya kumtoa mwenyekiti kama ipo 😅

---

Mwl Chaki

Na maswali ya Bungeni msiyasahau. Taarifa rasmi za Bunge ziko kwenye tovuti yao kwa Kiswahili, unatafuta swali la mbunge wa jimbo lenu, barabara, maji, zahanati, unapiga kopi swali na jibu la waziri na maswali ya nyongeza. Watoto wanaigiza "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali kama ifuatavyo", wanavyolipenda hilo! Lakini kazi iko baada ya hapo: jibu la waziri lilisema itajengwa mwaka wa fedha gani? Leo tuko mwaka gani? Mmeiona? Jibu lililotolewa miaka mitatu minne nyuma ndo zuri zaidi, la juzi halina cha kupima.

---

Kijana wa Muheza

Wakuu sijui niseme nini, mabango tumeyaacha. Nimewasomea wenzangu uzi huu wote, tumekubaliana tuanze na bahasha sita: mapato na matumizi, uchaguzi wa viranja, kesi ya Gyumi, maswali ya Bungeni, fomu ya mkopo wa halmashauri, na ibara za haki. Kila bahasha makundi kumi, nyuma mambo yote aliyosema Mwl Chaki. Kabla ya kugawa popote tutaijaribu shule moja kwa mwalimu mmoja anaekubali kutuambia ukweli. Kibali tunafuatilia wiki ijayo.

Bado nina maswali. Karatasi ya kawaida itachanika muhula wa kwanza, tuipige laminesheni au tuongeze kopi tu? Na Wakili wa Uswazi, tukiandika kile kifupi cha kesi unaweza kutupitishia macho?

---

Wakili wa Uswazi

Leta, nitapitia bure. Usifupishe ibara, zinukuu kama zilivyo.

---

Mwl Chaki

Laminesheni hapana, ghali na hawawezi kuandika juu yake, na wanatakiwa waandike. Ongeza kopi, na uniachie nakala safi moja ya kila karatasi nikapige mwenyewe zikiisha. Hiyo nakala safi weka na kwenye PDF, tutarushiana wasap.

---

Mzee wa Kusahihisha

Na mimi nitumieni hiyo ya mapato na matumizi. Nataka kuona tu.